Masanduku Yangu ya Majibu

Nilikosea kijinga, lakini masanduku yenyewe bado najivunia. Hapa Mikelenge tulikuwa na ubao wa mazungumzo: mtu anabandika swali, wenzake wanaandika majibu chini yake. Karatasi zikarundikana hata hakuna aliyeweza kupata jibu la zamani. Mimi, mtu wa kukaa nyumbani na diploma yangu ya sekondari, nikatengeneza masanduku, nikazipanga karatasi humo kwa majina ya waliojibu, yale ya asili yaliyo kwenye kitambulisho. Yalipendeza. Nikawaita majirani waje kuona.

Wa kwanza kuyajaribu alikuwa Mama Zaina wa nyumba ya pili.

“Baba Salumu, unipe karatasi ya Baba Musa, ile ya dawa ya wadudu. Mahindi yangu inakulwa.”

“Kwenye kitambulisho anaitwa nani?”

“Mimi nitajua wapi? Kwetu yeye njo Baba Musa tu.”

Nikafungua sanduku moja baada ya lingine, jasho linanitoka, watu wote wananitazama. Mama Zaina akashika kiuno.

“Baba Musa njo bwana ya dada yako. Kama weye haujui jina yake, hii masanduku ulimupangia nani?”