Siagi kwenye Uso wa Mama

Mdogo wangu alipona uso wiki ileile wakwe walipotuma habari kwamba wanakuja kwa koito ya binti yangu. Nasema wazi: sikufurahi. Alishuka kwenye gari la mume wake bila kitambaa kichwani, mashavu yametulia, laini kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Nikamwambia, "Umependeza." Akasema, "Aki asante!" Nikaingia jikoni nikagongagonga sufuria bila sababu.

Ugonjwa wenyewe tuliurithi pamoja. Daktari wa ngozi kule Kericho mjini anauita ukurutu, lakini sisi nyumbani tuliuita uso wa mama, kwa sababu mama ndiye alikuwa nao wa kwanza. Mashavu na kope huvimba, huwasha, hupasuka na kutoa maji, kisha hubaki na mabaka meusi yenye magamba. Unatulia, halafu unarudi. Tulipokuwa wasichana tulijipaka mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe, maana kila boma hapa lina kopo lake na watu walituambia kisichomdhuru ng'ombe hakiwezi kumdhuru mtu. Ng'ombe walikuwa na ngozi nzuri sana. Sisi tuliendelea kujikuna.

Mwaka huu tukaenda kwa daktari pamoja. Alikuwa mama mpole anayeongea polepole. Alituketisha, akaanza kutupimia dawa kwa maneno, hii ina uzuri gani na hii ina ubaya gani. Zile za steroidi, alisema, huzima uvimbe upesi, lakini usoni si za kupakwa ovyo kila siku. Ngozi hukonda, mishipa huonekana, na ukiacha ghafla uso hulipiza kisasi. Kuna marhamu nyingine isiyo na steroidi. Hiyo haikondeshi ngozi, lakini mwanzoni huchoma, na inataka subira. Halafu kuna vidonge vipya vinavyotuliza uvimbe kutoka ndani. Hivyo hufanya kazi haraka, ila vinapunguza ulinzi wa mwili, kwa hivyo lazima damu ipimwe, kifua kipigwe picha, na mtu afuatwe kwa karibu.

Mdogo wangu akapimwa, akaonekana yuko sawa. Mimi niliugua kifua kikuu nikiwa msichana, na picha ya kifua changu haikumpendeza daktari. Akasema, "Kwako wewe hivi vidonge naona vina hatari kuliko faida. Tuanze na marhamu."

"Na sisi si ni wa mama mmoja?" nikamuuliza.

Akacheka. Alidhani natania.

Basi mwenzangu akameza vidonge vyake, mimi nikapaka marhamu yangu. Woi! Ilinichoma kama nimejipaka pilipili. Kila kitu cha moto kiliniongezea uchungu, hata mvuke wa ugali, na daktari alikuwa amenionya niachane na chai ya moto mpaka uso uzoee. Chai! Mimi nina shamba la chai hapa juu ya Kapkatet, kila asubuhi niko humo na kikapu mgongoni, halafu nikae mbele ya kikombe ningoje kipoe mpaka kifanye utando. Jirani mmoja alinitazama nikingoja hivyo nyumbani kwake, akaniuliza kama nimesikia ameniwekea kitu. Nikainywa ikiwa moto kulinda ujirani. Usiku wote huo uso uliniwaka.

Mdogo wangu alinipigia simu akitaka kujua ninaendeleaje. "Vumilia," akasema. "Mvumilivu hula mbivu."

"Wewe umekula bila kuvumilia," nikamwambia, nikakata simu.

Sasa, mtu asiye wa huku aelewe koito ni nini. Ni siku ambayo watu wa kijana huja kwa watu wa msichana kupatana juu ya ng'ombe. Wakishapatana, siagi huletwa, na katika ukoo wetu mama ya kijana humpaka mama ya msichana kwenye paji la uso na mashavuni, mbele ya kila mtu. Hapo ndipo wanakuwa watu wa nyumba moja. Nilikuwa nimengoja siagi hiyo tangu siku nilipozaa huyo mtoto, na ndiye mtoto pekee niliye naye.

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, ndiye msemaji wetu siku kama hizo. Akaja kunitembelea, akazunguka maneno kwa muda mrefu, akauliza habari za majani, akauliza habari za mvua. Mwishowe akatoa lililomleta. Wageni wanaweza kuogopa kunigusa, akasema. Wanaweza kudhani ni kitu cha kuambukiza, au kitu kibaya zaidi cha ukoo. "Mama mdogo pia ni mama. Si dada yako akae kwenye kiti cha kupakwa siagi? Uso wake umekuwa mzuri."

Nilimwambia atoke kwangu. Nilimwambia mengine pia ambayo hayaandikiki.

Lakini alipoondoka nikaenda sokoni. Kuna duka pale la vipodozi ambalo huuza tyubu fulani, haina karatasi ya maelezo ndani, na kila mwanamke anajua inachofanya. Siku chache tu, na uso unang'aa kama wa bibi harusi. Nikanunua. Nikaiweka juu ya meza nikaitazama. Ndiyo ile ile aliyotumia mama. Miaka yake ya mwisho ngozi ya mashavu yake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu; akijipangusa na kitambaa, kitambaa kinatoka na damu. Na bado alikuwa akiipaka, kwa sababu akiiacha siku moja tu, uso ulikuwa mbaya kuliko jana. Mdogo wangu na mimi ndio tulikuwa tukimwosha.

Nikaitupa chooni. Si kwamba niliacha wivu; hapana, wivu ulibaki palepale. Nilitaka kupona kama mdogo wangu, si kung'aa kama mama.

Wageni wakaja kutoka upande wa Bomet, wengi, wamevaa makoti mazito. Uso wangu ulikuwa katikati: kope zimetulia, lakini mashavu bado yana mabaka na joto. Shemeji, kichwa ngumu, alikuwa amepanga viti viwili mbele. Mdogo wangu akaketi kimoja, mimi kingine. Alikuwa amevaa gauni la kijani, na ule uso! Hata mimi nilishindwa kuacha kumwangalia. Nikajiambia, leo ananinyang'anya mtoto wangu nikiwa nimekaa hapa.

Wanaume wakazungumza ng'ombe mpaka wakapatana. Watu wakapiga vigelegele. Mama ya kijana akasimama na siagi kwenye kibuyu kidogo, akachovya vidole, akaja. Akanitazama. Akamtazama mdogo wangu. Vidole vikabaki hewani, kisha nikaona mguu wake ukielekea upande ule mwingine.

Nikamshika mkono.

"Mama wa kijana," nikasema, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyotaka, "mama ya huyu msichana ni mimi. Huu uso hauambukizi. Paka."

Shemeji akakohoa. Yule mama akanitazama machoni, halafu akacheka kidogo, akasema, "Pole, nilidhani inakuuma." Akanipaka paji la uso, akanipaka mashavu yote mawili, kwa kiganja kizima, bila kujibana. Iliuma kweli. Ilichoma hadi machozi yakatoka, na watu wakadhani nalia kwa furaha, na mimi nikawaacha wadhani.

Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa ameuleta uso wake mbele kidogo, ule uso uliopona, kama mtu anayengoja zamu yake. Lakini yule mama alikuwa ameshafunika kibuyu.

Ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sikuwa nimekifikiria miezi yote hiyo ya kumhesabia mashavu. Mdogo wangu hakujaliwa mtoto. Akaniinamia sikioni, akasema, akijaribu kucheka, "Mimi uso ninao. Lakini kwangu hakuna mtu atakuja na ng'ombe."

Nikamwambia tu, "Hii siagi inanichoma, hebu nipanguse." Akanipangusa kwa vidole vyake, polepole, kama tulivyokuwa tukimpangusa mama. Siagi ikamjaa mikononi. Nikashika mikono yake nikaipeleka kwenye mashavu yake mwenyewe, kushoto na kulia, mbele ya wageni wote, na binti yangu akapiga kigelegele kutoka mlangoni.

Ikamkaa vizuri, ikang'aa, wala haikumchoma hata kidogo. Mshenzi huyu! Hata hapo nilimwonea wivu.