Walimufundisha binti yangu kuangalia watu mu macho, tukafika kwa bariere

Wakuu, jambo. Mimi ni mama wa Kitshanga, nauza vitenge sokoni. Nawaambia vile ilikuwa, siongeze kitu. Kiswahili yetu ya huku mutaivumilia.

Kavira, binti yangu wa miaka kumi na tano, iko na otizimu, ile nyinyi munaita usonji. Alikuwa hasalimie muntu. Wateja walisema nimemulea vibaya. Midomo ya watu, we acha tu!

Njo akakuja bwana mumoja wa mjini na semina ya kufundisha vijana kama yeye kuishi na watu. Muangalie muntu mu macho. Cheka kidogo. Muulize jina yake na kwenye anatoka. Asipojibu, rudilia.

Miezi tatu. Siku Kavira alisalimia jirani, nililia kwa furaha, sitadanganya.

Sasa, huku kwetu vita iko. Kwa bariere, pale wenye bunduki wanafunga njia, unashuka ku moto, ile pikipiki, macho chini, unaacha motari mwenye kuiendesha aongee. Watoto wanaijua mbele ya kujua kusoma. Hakuna mwenye anaifundisha, njo maana hakuna mwenye alikumbuka kumufundisha Kavira. Hata mimi mama yake.

Asubuhi moja tulikuwa tunaenda Bihambwe kutafuta maharagi. Mwenye bunduki akatusimamisha. Kavira akaenda mbele yake, akamukazia macho, akacheka kidogo.

"Jambo Papa. Unaitwa nani? Unatoka wapi?"

Mungu wangu! Muntu wa bunduki anaulizwa jina?

"Nani amekutuma?"

Hakujibu swali yake, basi Kavira akarudilia. Unaitwa nani? Yule wa bunduki akamupiga kofi mupaka chini, akamuwekea bunduki ku shingo.

Nilipiga magoti mu matope. Nikasema mutoto wangu ni mujinga, hana akili. Niliisema kwa sauti, yeye anasikia. Yeye na wenzake walituachilia saa kumi ya jioni.

Nikamufuata yule bwana wa semina, nikamuelezea yote. Munajua alinijibu nini?

"Lakini Mama, hayo ni maendeleo! Amefanya yote bila kusaidiwa."

Na alikuwa anaandika! Nilitaka kupasua ile karatasi. Nikamuomba aongeze somo ya bariere. Eti haiko mu programu. Programu gani hiyo, ya watoto wa wapi?

Basi nilifundisha mwenyewe. Kamba mu kiwanja kama bariere, mimi na fimbo kama bunduki. Macho chini! Mikono juu! Nyamaza! Wiki mbili, akashika.

Wenye kuleta semina, musikie: kabla ya kufungua kitabu, muulize mama njia yenye mutoto anapita.

Na nyinyi wenye watoto kama wangu, munisaidie, sababu nimeshindwa. Juzi nimerudi nyumbani kutoka sokoni, nikasimama kwa mulango. Kavira akaangalia chini, akanyoosha mikono juu. Nikamuambia ni mimi, Mama. Hakuinua macho.

Munamufundishaka mutoto namna gani kujua nani wa kuogopa?