Glita Yetu Ilitoka Mwaloni

Wale wenzangu tuliosoma shule ya msingi enzi za kulamba juisi ya unga kiganjani, hebu tusogeleane kidogo. Nyie mnajua. Ulimi ulikuwa mwekundu mpaka jioni, ukifika nyumbani unaulizwa umekula nini, unajibu sijala kitu, na mdomo mzima unakusaliti. Na ile sheria ya kulamba mnaikumbuka pia. Ukipewa kitu kitamu, iwe andazi, iwe kashata, unakilamba kwanza pande zote ndiyo unaanza kula taratibu, maana kilicholambwa hakuna wa kukiomba.

Sisi tulikuwa tunakaa Mkuyuni, Mwanza, nyuma kidogo ya duka la vyuma la baba yake Jaya. Mama alikuwa anauza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, kule Kirumba, na wale ambao hawajaisha siku hiyo walirudi naye nyumbani kwenye gunia. Tukiwaanika tena juu ya mawe nyuma ya nyumba, jua likiwapiga, jiwe zima linameremeta mpaka unafumba jicho. Harufu yao ilikuwa kwenye shuka, kwenye daftari, kwenye nywele zetu, na kwa kuwa ilikuwa kila mahali, kwetu sisi haikuwepo.

Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya donati. Mama anakanda unga na hamira na iliki, anaufunika na kitenge chake cha zamani, halafu mimi na dada yangu Minza tunakaa kuulinda kama vile utatoroka. Ukishaumuka tunakata duara kwa glasi, na lile tundu la katikati tunalitoboa kwa mdomo wa chupa ya soda. Vile vidonge vinavyotoka kwenye tundu vilikuwa vyetu, vinakaangwa mwisho, na ugomvi wake ulikuwa mkubwa kuliko donati zenyewe.

Jaya alikuwa rafiki yangu wa darasa moja, dawati moja. Kwao ni Wahindu, hawali nyama, hawali samaki, hata yai hawali. Kwa hiyo kula nje ya kwao ilikuwa shida. Siku moja Mama Jaya mwenyewe alikuja jikoni kwetu, akauliza kwa upole donati zetu tunaweka nini. Mama akamwonyesha kila kitu, mpaka mkebe wa hamira. Wiki ile ile akanunua karai jipya, akalitundika kwenye msumari wake peke yake. Tukaambiwa hilo ni la donati tu, samaki asilisogelee, na mwenye mkono wa dagaa asiliguse. Tuliliita karai la Jaya. Kuanzia hapo, nyumba pekee hapa mtaani ambamo Jaya aliruhusiwa kula bila kuuliza ilikuwa ya kwetu. Mama alikuwa anajivunia jambo hilo kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Sasa sikilizeni nilivyotaka kuliharibu.

Mjini kulikuwa na duka la keki lenye kioo kikubwa. Mama Jaya alitupeleka mjini kununua viatu vya shule, na tukiwa tunapita hapo mimi na Jaya tukagandisha pua kwenye kioo. Ndani kulikuwa na donati za pinki, juu zinang'aa kama zimenyunyiziwa nyota. Jaya akasema siku yake ya kuzaliwa anataka za vile. Mama yake akamwambia taratibu kwamba zile zina yai. Jaya hakulia, aliendelea tu kutazama. Mimi moyo wangu haujui kuvumilia uso wa namna hiyo. Nikamwambia nitamtengenezea mimi, na zitang'aa kuliko hizi. Mimi ni mtu wa kuahidi kwanza na kufikiri baadaye, hata leo sijapona.

Siku ikafika. Jaya anatimiza miaka kumi. Mama akakaanga donati ishirini asubuhi, akatuachia tuzipake sukari, akaenda Mwaloni. Tukatwanga sukari kwenye kinu mpaka ikawa vumbi, tukachanganya na maji kidogo na pakiti ya juisi ya unga. Pinki yenyewe ikatoka, nzuri mno. Tukapaka. Lakini kung'aa sasa? Tulijaribu sukari ya kawaida, ikayeyuka. Nikaanza kuona uso wa Jaya pale kwenye kioo cha duka.

Wakati huo Minza alikuwa anachota dagaa wa mchana kwenye gunia. Alipotoa mkono, vidole vyote vilikuwa vya fedha. Mnajua lile vumbi la magamba linalobaki chini ya gunia? Tuliangaliana. Naomba mniamini, katika vichwa vyetu viwili hakuna kilichowaza samaki. Tuliwaza kung'aa. Tukalichekecha kwa chujio la chai, tukalinyunyiza kwa ncha za vidole kwenye donati kumi na mbili, na nane tukaziacha tupu za kula nyumbani. Nilinusa kabla ya kuzifunika. Naapa nilinusa. Sikusikia kitu.

Tulipofunua sinia kwa akina Jaya, sebule nzima ilisema aah. Kulikuwa na binamu zake, na shangazi zake wawili waliotoka Bukoba. Jaya alinitazama kama nimempa ziwa zima. Shangazi mmoja akauliza kama zina yai, na Mama Jaya akacheka, akamjibu, "Hizi zimetoka kwa Mama Kabula. Kwake sihitaji kuuliza."

Kabula ni mimi. Na neno lile ndilo lililonifungua macho. Nikaliona karai kwenye msumari wake, nikaona gunia, nikaona mkono wa Minza. Jaya alishachagua kubwa kuliko zote na alikuwa ameiinua mpaka mdomoni. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayegundua. Nilijua pia nikisema, mama yangu hataaminiwa tena kwenye nyumba ile, mbele ya wageni wa mbali namna hii.

"Jaya, usile. Ina dagaa."

Akaigeuza huku na huku. "Wapi? Mbona siwaoni?"

"Hizo zinazong'aa. Ni magamba."

Shangazi mmoja alisogeza kiti nyuma. Mama Jaya akachukua donati mkononi mwa Jaya, akainusa, akairudisha kwenye sinia, akatoka. Minza alikuwa ameshakimbia nyumbani kumwita mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka Mwaloni. Mama akafika na kanga ya kazini, magamba mengine mikononi, akasimama mlangoni. Hakuingia. Akaomba radhi kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, akasema kosa ni lake, ameacha watoto wadogo na kazi ya watu wazima.

Mama Jaya akarudi akiwa na kopo na bahasha. Akamshika mama mkono, mkono ule ule wenye magamba, akamwingiza ndani.

"Mama Kabula, huyu angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Sasa mimi niogope nini kwako?"

Kisha akaniuliza kama nyumbani zimebaki donati tupu. Nilikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani. Nikarudi na zile nane. Kwenye kopo kulikuwa na mbegu tamu zilizopakwa sukari ya rangi, nyekundu, kijani, njano, zile wanazotafuna baada ya chakula. Na kwenye bahasha, jamani, kulikuwa na karatasi ya fedha ya kuliwa, nyepesi kiasi kwamba ukipumua inaruka. Kumbe wenzetu glita ya kula walikuwa nayo siku zote, wanapambia halua yao ya maziwa siku za sikukuu. Tulipamba wote, watoto na shangazi, na yule aliyesogeza kiti ndiye aliyebishana sana kuhusu rangi. Jaya alipopewa ya kwanza, aliilamba pande zote huku ananitazama.

Zile kumi na mbili tulizila mimi na Minza kwa siku tatu, na chai ya rangi, mama amekaa mbele yetu kuhakikisha. Paka wa jirani alitufuata wiki nzima.

Akina Jaya walihamia Dar tukiwa darasa la sita, na duka la vyuma siku hizi ni saluni. Siku hizi glita ya kula inauzwa kwenye vikopo vidogo kama dawa ya macho, na vile vipande vya sukari vya rangi viko kila duka la vifaa vya keki. Nanunua, napamba nyumbani Jumamosi, na bado naota siku moja nitakuwa na kioo changu mwenyewe, watoto wagandishe pua. Kila kitu kimekuwa rahisi. Ila hakuna anayegombania vidonge vya tundu, na hakuna anayetwanga. Binti wa Minza ana miaka minane, hali kitu mpaka kipigwe picha, tena picha ya kwanza haitoshi, lazima ageuze sahani iwe upande wa dirisha.

Mwezi uliopita Jaya alikuja Mwanza kutembea. Nilimpambia donati kumi na mbili za pinki, nilizozikaanga kwenye karai lile lile, ambalo sasa limekuwa jeusi na mpini mmoja umelegea. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na kikopo cha glita mfukoni, akiuliza nimwonyeshe kilichoandikwa, asome mwenyewe, aridhike. Nikaweka sinia mezani, nikasubiri aulize.

Binti wa Minza akasema, "Anti, ngoja kwanza nipige picha."

Alikuwa amechelewa. Jaya alikuwa ameshachukua kubwa kuliko zote, na bila kuuliza chochote, mtu mzima mwenye kazi yake na miwani yake, akailamba pande zote.