Ndege Yenye Kufuata Maji

Hii habari inanitoa mujinga, najua. Lakini nyinyi wadogo munaniulizaka kila siku kazi ya uwanja wa ndege ilikuwa namna gani. Bon, chekeni mbele, kiisha musikilize.

Siku ya kwanza, chef d'escale, ni kusema mukubwa wa kampuni hapa Kisangani, aliangalia mikono yangu.

"Umesoma mpaka wapi?"

"La sita primaire, chef."

"Unaandika vizuri?"

"Kuliko mwalimu wangu."

Akanipa chaki. Kazi yangu ikawa kubeba mizigo mpaka ndani ya soute, ile tumbo ya ndege, na kuandika masaa kwenye ubao. Ndege ya Kinshasa inatoka saa ine, inafika saa tano. Ya kurudi inatoka kule saa saba, inafika hapa saa kumi.

Nikahesabu. Kwenda, saa moja. Kurudi, masaa tatu. Na njia ni ile ile, kilometa zaidi ya elfu moja!

Mi mutoto wa muto. Mashua ikiteremuka Kinshasa, maji inaisukuma. Ikipanda, inavuta wiki na wiki. Donc juu nako kuna muto. Tukiisha kupakia, nilikuwa nalala kwenye majani pembeni ya piste, ile barabara ya ndege, naangalia mawingu inateremuka polepole upande wa Yangambi, kule muto inaelekea, na ndege inaingia katikati yake kama pirogue, ile mutumbwi ya wavuvi, mpaka inakuwa kitone. Ile muto nilikuwa naisikia. Kidogo tu nione samaki yake.

Siku moja akakuja tonton Ramazani, mushonaji wa mutaa yetu. Ndugu yake alikuwa anakufa Kinshasa, anamuita. Tiketi iko mukononi, lakini muzee amekalia valizi yake, anakataa kusimama.

"Petit, huko juu tunakaa muda gani?"

"Saa moja tu, tonton. Maji inawasukuma."

"Maji gani?"

"Ya juu."

Akavuta tasbihi. "Saa moja, moyo yangu itaweza. Mbili, hapana, nitamutangulia ndugu yangu kufa." Akapanda, ndege ikaruka.

Kumbe chef alikuwa nyuma yangu.

"Maji ya juu? Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu, saa moja nzima! Ndege inatumia masaa mbili kwenda, mbili kurudi. Umetuma ule muzee masaa mbili na moyo ya saa moja!"

Wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini: "Kapiteni wa pirogue ya mbinguni!" Mi niliangalia kile kitone. Mbingu ilikuwa tupu, haina hata tone la maji.

Leo niko pansioni, vijana: naendesha pikipiki ya kubeba watu. Mutu akiniuliza tunafika saa ngapi, namujibu, tutafika. Lakini ndege ikipita, bado naangaliaka mawingu inaelekea wapi.

Wakati ule, tonton alirudi kisha mwezi moja. Nikachukua valizi yake, macho chini.

"Petit, ulinidanganya. Saa moja ikapita, tasbihi inazunguka, chini ni pori tu. Nikasema, ule mutoto ataniona! Lakini niko juu tayari, nitashukia wapi? Ndugu yangu nilimukuta macho wazi. Tuliongea siku tatu." Akanishika bega. "Ungekuwa na akili kidogo tu, singepanda."