Mfuko Tumboni mwa Wifi

Wifi yangu alibeba mimba iliyokataa kuzaliwa. Mvua za vuli zilimkuta nayo, za masika zikamkuta nayo, na vuli nyingine ilipoanza kunyesha Butiama bado alikuwa akitembea ameliweka tumbo mbele, mkono mmoja kiunoni. Wanawake wenzetu walikuwa na maelezo yao: mimba imekwenda mgongoni, imelala, itaamka ikipenda. Hayo waliyasema mbele yake. Wakienda kisimani walisema mengine, na mimi niliyekuwa nikiteka maji pamoja nao nilitamani kumvisha mmoja wao ndoo kichwani.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake waliingia zizini kwa baba mkwe wangu, na kabla hawajazoea majani ya pale wakaswagwa hadi upande wa Bunda, kwa baba yangu, ili nitoke mimi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: binti anaolewa, kaka naye anaoa kwa ng'ombe hao hao. Ndiyo maana wifi hakuwahi kuniita wifi. Aliniita mke wangu. "Mke wangu, leo umepika nini? Mke wangu, njoo unikune mgongo." Watu wakicheka anasema, "Mnacheka nini? Si ng'ombe zangu zilimleta?"

Utani ulikuwa utani, lakini ulisimama juu ya jambo la kweli. Ndoa yake ikivunjika, mumewe angedai ng'ombe wake, baba mkwe angekwenda kuwadai kwa baba yangu, na mimi ningerudi kwetu. Hakuwa amewahi kuzaa, na wakwe zake walikuwa wameshaanza kunung'unika kwamba wamelisha ukoo wa watu bure. Kilichowafunga midomo ni lile tumbo.

Halafu akaanza kwenda haja ndogo kila mara, tena kwa uchungu. Alikuwa anajikunja nyuma ya nyumba akiuma upindo wa kanga. Tulimpeleka kwenye dispensari moja ya upande wa Bunda, kwa kuwa ndugu zangu walikuwa jirani na tulipata pa kulala. Pale walipima mkojo wakasema ana sistaitisi, yaani kibofu kimewaka, wakampa chupa ya dawa chungu. Uchungu wa mkojo ulipungua kweli. Tumbo halikupungua, wala hakumruhusu mtu aliguse. Mganga wa pale aliponyoosha mkono alimwambia, "Huyu mtoto hapendagi wageni."

Nilicheka siku ile. Njiani kurudi, nilipomtazama shingo ilivyokonda na mifupa ya mabega ilivyojitokeza, kicheko kiliniishia. Mimba hunenepesha mtu. Hii ilikuwa inamla.

Niliwasihi wampeleke hospitali kubwa akazalishwe huko, tukapata nafasi kwenye lori la pamba lililokuwa linakwenda Musoma. Mumewe alikuja pia, na kaka wa mumewe, mzee mwenye sauti ya kukwaruza ambaye alikuwa kama msemaji wa ukoo. Wao walikaa juu ya magunia wakizungumzia jina la mtoto. Wifi alikaa nao akiitikia kila jina.

Daktari wa hospitali pale Musoma alikuwa Mzungu mwenye mikono mikubwa na Kiswahili cha kuamrisha watumishi. Alimgonga wifi tumboni kwa vidole, upande huu, upande ule, akasikiliza kwa mpira, akasikiliza tena. Kisha akasema, "Tumbo iko na mfuko. Mfuko iko na maji. Toto hapana."

Dresa wake, yaani msaidizi wa kufunga vidonda, mtu wa mjini aliyevaa kofia ya kiua na koti jeupe lililopigwa pasi, akaona neno la bwana mkubwa limekuja uchi, akalivisha. "Daktari anasema ni sisti, mama. Sisti ni kifuko kilichoota pembeni mwa kizazi na kujaa maji. Kimekuwa kikubwa mno. Kinaweza kujisokota au kupasuka wakati wowote, na kikipasuka tutakuwa tumechelewa. Anataka kukitoa leo."

Wifi hakuwa na Kiswahili kingi. Alinigeukia. Nilimweleza kwa Kizanaki, polepole, bila kupaka asali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambie nakataa."

Dresa hakuudhika. Nadhani alifikiri tumechanganya na ugonjwa wa Bunda, maana nilikuwa nimemtajia ile sistaitisi, na alikuwa mtu anayependa kufundisha. Akavuta kigoda. "Haya majina ni ukoo mmoja, yasiwatishe. Yote yametoka kwenye neno la Wagiriki wa kale, maana yake kifuko, au kibofu. Sistaitisi ni kibofu kuwaka. Nayo ilikuwepo kweli, kwa sababu huu mfuko ulikuwa unakibana kibofu. Sisti ndiyo huo mfuko. Halafu kuna sistini, hiyo si ugonjwa. Ni kitu kama chembe za chumvi. Wataalamu walikigundua kwanza kwenye jiwe lililotoka kibofuni mwa mtu, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Na sistini ina ndugu yake, sisteini. Hiyo mnayo nyote hapa. Imo kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye kwato na pembe za ng'ombe."

Nilitafsiri nilichoweza. Sijui kwa nini nilitafsiri hadi pembe. Nadhani niliogopa kunyamaza. Wifi akatoa kicheko kikavu. "Ng'ombe! Hata humu wamenifuata?"

Dresa alipoitwa ng'ambo ya wodi, wifi alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa na joto baya.

"Mimi najua hakuna mtoto," akasema. "Nimejua tangu mavuno yaliyopita. Mtoto huchezaga. Hiki hakijawahi kucheza hata siku moja."

"Na majina yote yale uliyokuwa unaitikia?"

"Ulitaka niseme nini? Wakinipasua wakute maji, mzee yule ataondoka hapa moja kwa moja kwenda kudai ng'ombe. Baba yako atazitoa, ana njia gani? Wewe utarudi kwenu na wanao watagombaniwa kama mfupa. Lakini nikifa nayo ndani, nimekufa na mimba. Nani anadai ng'ombe za mke aliyekufa na mimba?"

Nilikuwa nimezoea kuogopa kwa ajili yangu mwenyewe. Usiku nilikuwa naliombea tumbo lile liwe mtoto, na sikuomba kwa ajili yake peke yake. Nilikuwa naombea paa la nyumba yangu. Sasa nikajua kwamba yeye alikuwa ameshaliwaza paa hilo kabla yangu, na ameamua kulilipia. Watu watatarajia niseme nililia. Nilikasirika. Nilikasirika hadi masikio yakapiga kelele.

"Nani alikutuma unifie?" nikamwambia. "Nilikuomba? Nitaishije kwenye nyumba ile, nikiukoroga ugali wangu juu ya kaburi lako?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Hapo ndipo uchungu ulipomkamata. Haukuwa ule wa mkojo. Alijikunja ubavu, akatapika, uso ukageuka rangi ya majivu. Dresa akaja mbio, akamgusa tumbo, akamwita daktari. Niliwasikia wakisema kwa haraka, na neno nililolishika lilikuwa sisti. Dresa akaniambia mfuko umejisokota, na bila idhini yake na ya mumewe hawawezi kuanza. Wifi, meno yameumana, bado alikuwa anatikisa kichwa kukataa.

Nilimtazama nikaona kwamba maneno yamekwisha. Alikuwa na siri moja, na siri hiyo ndiyo iliyokuwa inamuua. Basi nikatoka nje kwenda kuimaliza.

Wanaume walikuwa wamekaa barazani wanakula miwa. Mume wa wifi akasimama. "Amejifungua?"

"Hakuna mtoto," nikasema, kwa sauti ya kusikika hata na wapita njia. "Hakuwepo tangu mwanzo. Ni sisti, mfuko wa maji. Umejisokota na unamuua sasa hivi. Daktari anataka dole gumba la mumewe."

Mzee wa sauti ya kukwaruza aliweka muwa chini, akafuta mikono kwenye shuka lake. Hakuuliza kama shemeji yake ataishi. "Basi hapa tunangoja nini?" akasema. "Ng'ombe zetu zirudi."

"Zitarudi," nikamjibu. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo kama si yangu. "Dole kwanza."

Mumewe alisimama kati yetu akitazama huku na huku. Mwishowe alimfuata dresa, akachovya dole kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Sijajua hadi leo kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa kuogopa kudaiwa maiti. Nilimshukuru kwa vyote viwili.

Nikarudi kitandani. "Nimeshawaambia," nikamwambia wifi. "Wanajua. Ng'ombe zinarudi ukifa, zinarudi ukipona. Huna tena kitu cha kunifichia. Sasa kubali ukatwe."

Alinitazama kwa macho ambayo sikutaka kuyaona, macho ya mtu aliyeibiwa. Kisha akafumba macho na kutikisa kichwa, safari hii kwa kukubali.

Walikaa naye ndani muda mrefu. Nilikaa kwenye sakafu ya baraza, mgongo ukutani, nikisikia upepo wa ziwa ukipiga madirisha. Wanaume walikuwa wameshaondoka. Dresa alipotoka alikuwa amebeba beseni lililofunikwa kitambaa, akanifunulia, maana alijua nitahitaji kusema nimeona. Mfuko ulikuwa mweupe wenye mishipa ya buluu, upande mmoja umekuwa mweusi pale uliposokotwa, mkubwa kama kibuyu cha maziwa. Nilitaka kuuchukia, nikashindwa. Kwa misimu ile yote ulikuwa umenilinda.

Wifi alipozinduka alisogeza midomo bila sauti. Nikainama. "Sasa wewe ni mke wa nani?" akaniuliza.

Ng'ombe walirudi kama nilivyosema. Baba aliwatoa bila kunitazama, na ndugu zangu wakaja kunichukua. Mwanangu mdogo nilimbeba mgongoni. Wakubwa walibaki Butiama kwa bibi yao, mambo yao yakingoja wazee waketi. Mume wangu alikuwa anakuja kwetu na mtungo wa furu na maneno mengi, na baba alipokea samaki akaacha maneno. Jioni nilikuwa natazama njia ya Butiama mpaka mama ananiambia niingie ndani. Nilimkosa mume wangu kidogo na wanangu sana, na wifi sikujua nimkose vipi. Alikuwa amerudishwa kwa baba yake kama mimi nilivyorudishwa kwa wangu, na nilisikia tu kwamba kovu limefunga, na kwamba anachimba.

Alikuwa analima pamba. Alilima shamba la baba yake lililoachwa vichaka, akavuna, akalima tena.

Siku waliyokuja, nilikuwa nje napepeta mtama. Nilichokiona kwanza ni pembe, zikipita juu ya masuke upande wa njia, nikamkumbuka yule dresa na sisteini yake. Kisha nikamwona aliye mbele yao: mwanamke, fimbo mkononi, tumbo bapa, anatembea kama mwenye haraka ya kufika sokoni.

Baba alitoka, akamtazama wifi, kisha akatazama nyuma yake akitafuta mwanamume wa kuzungumza naye. Mume wangu alikuwepo, nyuma kabisa ya ng'ombe, anawafukuza nzi kwa kijiti.

"Zungumza na mimi, baba," wifi akasema. "Ng'ombe ni zangu, nimezinunua kwa pamba yangu. Nimekuja kumchukua mke wangu."

Niliweka ungo chini, nikaingia ndani kufunga mzigo.