Barua za Askari wa Vermont

Nilipofika Marekani, katika miaka ile ya mwisho ya tisini, nilipata kazi ya kutunza wazee. Nikapangiwa bibi mmoja aliyekaa peke yake kwenye jengo la magorofa, upande wa magharibi wa mji wa Alexandria, Virginia. Alikuwa na miaka tisini na kitu, mjane, na macho yalikuwa yamemwacha. Asubuhi nilifika kwa basi, nikampikia uji wa oti, nikamwogesha, kisha nikakaa naye hadi jioni. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu mtu wa umri wake anaitwaje. Nikamwambia anaitwa Bibi. Akalijaribu neno hilo mara mbili tatu, akasema litamfaa.

Alitoka Vermont, jimbo dogo la milima huko kaskazini. Aliliacha akiwa msichana wa miaka ishirini, lakini hata baada ya miaka sabini jirani na Washington, akisema "kwetu" alimaanisha kule.

Wiki ya tatu aliniomba nitoe sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na barua za babu yake, aliyeishi hadi Bibi akawa msichana mkubwa. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya kusini yakitaka kujitenga ili yabaki na watumwa wao, babu huyo na mdogo wake walijiandikisha upande wa kaskazini, katika kikosi cha askari wa miguu wa kujitolea. Bibi alinieleza kwamba askari wa kikosi kama hicho hawakuokotwa huku na kule. Jimbo liliwakusanya watu wake lenyewe, na kombania moja ilijaa vijana wa mahali pamoja, waliosoma shule moja na kusali kanisa moja.

"Kwa hiyo mambo yakiharibika asubuhi moja," alisema, "kijiji kizima kinakuwa msibani."

Tangu siku hiyo, kila baada ya chakula cha mchana, nilimsomea barua moja. Mwandiko ulikuwa mgumu mwanzoni, nikauzoea. Nilitegemea kusoma habari za mizinga na damu, lakini yule kijana aliuliza habari za nyumbani tu. Je, ng'ombe mwenye baka amezaa? Je, baba ameanza kukinga utomvu wa miti, ule wanaouchemsha uwe sukari? Alilalamikia matope ya Virginia na hewa nzito, kama ya chumba cha mgonjwa. Barua moja ilisema mama mmoja wa kijijini kwao amewatumia mzigo wa soksi, na juu ya soksi ameweka matawi ya msindano, ule msonobari wenye majani kama sindano. Vijana wa hema lake waliyagawana, wakayachomeka kwenye kofia zao, na usiku wakalala nayo karibu na pua.

Hapo niliishusha barua mapajani.

"Mbona umeacha kusoma?" Bibi aliuliza.

"Kwetu pia iko miti hiyo."

"Afrika?"

"Afrika, Bibi. Mimi natoka Njombe. Mwezi wa sita ukiamka asubuhi, majani ni meupe kwa sakitu, umande umeganda."

Aliomba nimweleze zaidi. Nilimweleza vilima, moshi wa jikoni, harufu ya misindano baada ya mvua. Nilipofika kwenye habari za baba yangu, nilibadilisha mazungumzo.

Sababu ni hii. Baba alikuwa amefariki miezi michache kabla. Wiki moja baada ya yeye kuzikwa, mimi sijui lolote, nilipiga simu misheni, mahali kaka yangu alipofundisha, na kaka akaniambia, "Baba hajambo, anapumzika tu." Ukweli niliupata kwenye sherehe ya ubatizo huko Laurel, mji usio mbali, kutoka kwa Mtanzania mwenzangu aliyedhani ninajua, akanipa pole sahani ikiwa mkononi. Karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado zinashughulikiwa; hata ningeambiwa mapema nisingeweza kwenda. Lakini nilikuwa nimenyimwa hata kulia pamoja na wenzangu. Tangu siku ile sikuongea tena na kaka.

Tukaendelea na barua. Katika mwezi wetu wa tatu wa kusoma tulifika kwenye ile ambayo babu yake Bibi alimwandikia mama yake kwamba mdogo wake ana homa kidogo, yuko hospitali ya jeshi hapa hapa Alexandria, anakula vizuri, anacheka na wauguzi. Chini yake sandukuni kulikuwa na barua ya mchungaji wa kikosi, ikiwapa wazazi pole. Nilisoma tarehe mara mbili. Siku babu alipoandika kwamba mdogo wake anacheka, mdogo wake alikuwa amekufa siku mbili nyuma.

"Alidanganya," nilisema, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

Bibi hakukasirika. "Nilimuuliza mwenyewe, nikiwa mtoto. Alisema yeye alikuwa ameshamwona amekufa. Pale kambini hapakuwa tena mahali ambapo mdogo wake alikuwa hai. Nyumbani kwao ndiko alikokuwa bado hai, na hakuwa na nguvu ya kwenda kumuua na huko."

Nilikunja barua, nikaenda jikoni, nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Siku chache baadaye Bibi aliniambia kwamba miaka yote hiyo hajawahi kuliona kaburi la kijana yule, na liko mjini humo humo. Nikamwomba jirani wa Bibi katika jengo lile, Mkongo wa Bukavu aliyeendesha teksi, atupeleke. Nilikata tawi la msindano nyuma ya jengo. Makaburini mtunzaji aliangalia daftari, akatuonyesha mstari, nami nikasukuma kiti cha magurudumu juu ya nyasi, kati ya mawe meupe yaliyopangwa kama gwaride.

Nilishika mkono wa Bibi, nikauweka juu ya jiwe. Vidole vyake vilipita kwenye jina polepole, vikashuka chini yake, vikakuta herufi mbili, ufupisho wa jina la jimbo.

"Wameandika Vermont," alisema. Akakaa hivyo muda mrefu, mkono juu ya herufi zile. Kisha akapokea tawi, akalinusa kabla ya kuliweka.

Dereva alikuwa ametembea akisoma mawe mengine. Alirudi ameshika kofia.

"Mama, hii vita ya zamani sana, na majina yote bado iko," aliniambia. "Kule kwetu watu banakufa mu barabara, hakuna mutu anaandika."

Bibi alitaka kujua amesema nini. Nikamtafsiria.

"Muulize amempoteza nani."

Dereva alielewa mwenyewe, akamjibu kwa Kiingereza chake: "Dada yangu." Bibi akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wake.

Jumapili iliyofuata, nilipotoka kanisani, nilipiga simu misheni. Kaka alikuja akihema, maana walikuwa wamemwita kutoka nyumbani kwake. Nilimsalimu, "Shikamoo, kaka." Aliitikia.

"Nilishindwa," alisema. "Nilikusikia unauliza kama anakula, nikashindwa."

"Najua. Sasa niambie."

"Nikuambie nini?"

"Yote. Anza alipougua."

Akaanza. Alinieleza hospitali, na jinsi baba alivyokataa blanketi la hospitali akataka lake. Alinieleza usiku wa matanga, akina nani waliimba, akina nani walichimba, na kwamba udongo ulikuwa mgumu kwa sababu mvua zilichelewa. Baadaye alisema wamempumzisha upande wa juu wa shamba, karibu na mahindi, na mama huenda kukaa pale jioni akichambua maharage.