Mteja wa Mwisho wa Toleo la Zamani

Dada wa saiba moja, duka la intaneti, huko Bungoma ameandika programu ya bure ya kupima maziwa. Kila rekebisho hulifanya mara mbili: kwa lugha mpya ya kompyuta, na kwa toleo lake la zamani, kwa ajili ya mzee mmoja wa ushirika wa maziwa Cheptais, ambaye dada aliamini bado wanalitumia. Juzi, nikiwa pale saibani, alimpigia simu, spika ikiwa wazi.

"Mzee, nisamehe. Toleo la zamani naliacha."

"Ati? Si sisi tulihama kitambo, bana! Tulidhani wewe ndiye umekwama, tukakuonea huruma."

Dada akavua viatu, akacheka mpaka machozi.

Mimi, bingwa wa darasa la saba, nilishalijua hilo: ukimtunzia mtu kitu, muulize kwanza kama bado anakitaka. Nilipofika Kitale nikamwambia shemeji, ambaye siku hizi haji kwetu, kwamba hatutamchemshia tena ile chai isiyo na sukari tuliyodhani anaipenda.

"Asante," akasema. "Hiyo chai ndiyo ilinifukuza kwenu."